Mwacheni Mama Achague Mchele

Mama yangu hujibu salamu vizuri kuliko mimi. Jirani akipiga hodi na kumwamkia shikamoo, anaitikia marahaba kwa sauti ileile ya siku zote. Habari za asubuhi? Njema. Hamjambo hapa? Hatujambo, alhamdulillahi. Na watoto? Wazima, wanakusalimu. Jirani akitoka anatuambia uani, "Mbona mama yenu mzima tu?" Haupiti muda mama ananiuliza kama baba amesharudi kutoka msikitini. Baba alifariki mwaka 2006.

Jirani hakudanganywa na mtu. Maneno yale mama ameyatamka kila siku ya maisha yake tangu ana miaka mitatu, na yamekaa mahali ambapo ugonjwa haujafika bado. Nadhani ndiyo maana ugonjwa huu huchelewa kuonekana katika nyumba za Waswahili: salamu zetu ni ndefu, na mtu anaweza kuzipita zote bila kujikwaa huku hajui leo ni siku gani. Sisi wenyewe tulishtuka siku aliporudi kutoka Soko la Mgandini akiwa na viatu vya mtu mwingine. Wakati huo alikuwa anaumwa kwa miaka miwili au zaidi.

Hata jina la kukubaliana hatuna. Kuna wanaosema ugonjwa wa kusahau, kuna wanaosema ni uzee tu, wataalamu wanasema dimenshia. Kuna na wanaosema "amerudi utotoni", na msemo huu ndio nisioupenda, kwa sababu unatufundisha kumtunza vibaya. Mtoto ni mtu ambaye hajajua. Mama alijua mambo mengi sana, na sehemu kubwa ya aliyoyajua imo mikononi mwake hadi leo. Kwa nia njema kabisa, sisi watoto wake tuliitoa mikononi humo.

Tulimwambia apumzike. Kwetu mtoto aliyelelewa akalelewa hamwachi mamaye kushika ufagio. Mzazi akiosha vyombo na mabinti wapo, majirani watasema, na watakuwa na haki yao. Kwa hiyo tulipoambiwa ana dimenshia tukazidisha heshima: tukamnunulia kiti cha kuegemea, tukamwekea televisheni, chai ikamfuata alipo, nguo tukamvalisha. Ndani ya miezi michache alikuwa anazunguka nyumba nzima kama mtu aliyepoteza kitu. Akikaa anasimama, akisimama anauliza, akijibiwa anauliza tena. Kila mmoja wetu akasema ugonjwa umepanda.

Sehemu ya kilichopanda tulikipandisha wenyewe.

Mama alipika vitumbua vya kuuza Ngamiani, Tanga, kwa zaidi ya miaka thelathini. Mchele uliroweshwa jioni, ukapelekwa kusagwa, ukachanganywa na tui, hamira, sukari na iliki. Saa kumi alfajiri alikuwa ameshaamka, ili adhana ikilia chuma kiwe kimepata moto na wateja wa mwanzo wasingoje. Ada zetu za shule zilitoka pale. Basi ugonjwa ulipoanza, naye akaanza kuamka saa kumi. Anatembea gizani, anagongagonga sufuria, anafungua mlango wa nje. Tukasema amekosa usingizi. Tulikompeleka akapewa dawa za kulala. Akawa analala kama gogo na mchana anapepesuka, mpaka akaanguka msalani akaumia nyonga. Dawa za aina hiyo zinajulikana kuwaongezea wazee wenye dimenshia kuchanganyikiwa na kuanguka, na nasikitika kwamba hakuna aliyetueleza hivyo siku ile tulipopewa.

Mdogo wangu anayeishi naye ndiye aliyelitambua jambo. Alinipigia simu akaniambia, "Dada, mama haamki ovyo. Anaamka kazini."

Tukabadilisha mpango, na naueleza kwa kirefu kwa kuwa uzito wa suala zima uko kwenye mambo madogo kama haya. Jiko la mkaa likafungiwa stoo, mtungi wa gesi ukatolewa jikoni usiku. Taa ya ukumbini ikaachwa inawaka. Juu ya meza fupi mdogo wangu akawa anaacha bakuli la rojo lililosagwa jana, mwiko, na kopo la iliki. Saa kumi mama akiamka anakuta kazi yake inamngoja. Anakaa, anakoroga, anaonja, anafunika. Mjukuu wake wa miaka kumi na saba huamka saa kumi na moja kwa ajili ya masomo, ndiye anayewasha moto na kupika, bibi akiwa kando yake. Watoto wanakula vitumbua kabla ya shule. Mama akishaswali Alfajiri anarudi kulala mpaka saa mbili, na dawa za usingizi tuliziacha baada ya kuzungumza na daktari. Kuna siku mpango unagoma, anakasirika, anamwaga bakuli. Lakini kutangatanga kumepungua mno, na mlango wa nje hajaugusa tena alfajiri.

Kwa nini mikono inakumbuka yaliyosahaulika na kichwa? Mwaka 1953 huko Hartford, Marekani, daktari William Scoville alimpasua kijana mwenye kifafa kikali, Henry Molaison, akatoa sehemu za ndani za ubongo wake pande zote mbili, pamoja na sehemu kubwa ya hipokampasi, kiungo cha ubongo kinachotunza kumbukumbu mpya. Kifafa kilipungua. Ila tangu hapo kijana hakuweza kutunza tukio jipya kichwani. Mwanasaikolojia Brenda Milner akampa kazi ya kufuatisha mchoro wa nyota huku akiuona mkono wake kwenye kioo tu, jambo gumu kwa mtu yeyote. Kwa siku tatu makosa yakapungua, mkono ukazoea, ilhali yeye hakukumbuka kuwahi kuifanya kazi ile. Molaison hakuwa na dimenshia, lakini kwake wanasayansi walijifunza kwamba kumbukumbu ya matukio na kumbukumbu ya mazoea zina makao tofauti. Ugonjwa wa Alzheimer, ambao unachangia asilimia 60 hadi 70 ya dimenshia zote, kwa kawaida huanza kuharibu hipokampasi na jirani zake, na yale maeneo yanayobeba mazoea ya mikono huchelewa kuguswa. Hivyo mama hawezi kukwambia kama amekula mchana, lakini mpe ungo wa mchele na vidole vyake vitaipata chuya ambayo mimi na miwani yangu nimeipita.

Hili limejaribiwa nje ya nyumba yetu, na kwa utaratibu. Mwaka 2008 mtafiti Laura Gitlin na wenzake huko Marekani walichapisha jaribio dogo la familia 60. Wataalamu waliwatembelea wagonjwa majumbani, wakachunguza kila mmoja anaweza nini bado na alipenda nini maishani, kisha wakamtungia kazi za kumfaa na kumfundisha mtunzaji namna ya kuziendesha. Kumfuatafuata mtunzaji kila aendako kulipungua, maswali ya kurudiarudia yakapungua, na watunzaji wakapunguziwa saa za kutunza. Nisikuze mambo: faida zinazoonekana katika tafiti za namna hii ni za wastani, na ugonjwa unaendelea na safari yake. Lakini dawa zilizopo nazo hazitibu, na ungo hauna madhara ya kumwangusha mtu msalani.

Karibu na nyumbani kuna wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ambayo sisi Watanzania tungepaswa kuitaja kwa fahari. Uchunguzi uliofanywa huko mwaka 2009 na 2010 kwa wazee wa miaka 70 na kuendelea ulikuta dimenshia kwa kiwango cha asilimia 6.4. Kilichonigusa zaidi ni namna ya kupima. Vipimo vya kigeni humtaka mzee aandike sentensi au achore saa, na wazee wengi wa vijijini hawajawahi kushika kalamu. Wangeonekana wagonjwa wote. Katika kipimo kilichotengenezwa kutokana na kazi ya Hai, mzee anapewa njiti za kibiriti apange umbo analoonyeshwa. Waliotunga kipimo hicho walijiuliza kwanza mikono ya mtu huyu imezoea nini. Huko huko Hai baadaye likafanyika jaribio la mazoezi ya akili ya vikundi, wazee 34 wakikutana mara 14 kwa muda wa wiki saba, kwa shughuli zilizobadilishwa ziendane na maisha yao, na matokeo yake yalitia moyo.

Swali lile la mikono imezoea nini lingetuokoa na makosa mengi majumbani, kwa sababu ratiba inayomfaa mgonjwa ni yake mwenyewe, ya miaka yake ya nguvu. Nimeona familia inamchukua mzee kutoka Pangani kumleta ghorofani Dar es Salaam kwa mapenzi ya dhati. Kwenye nyumba ile hakuna uwanja wa kufagia, nazi inakuja imesagwa kwenye pakiti, mchele ni wa dukani usio na jiwe hata moja, maji hayachotwi. Kila kitu kilichokuwa kinamwambia mikono ifanye nini kimeondolewa kwa siku moja. Halafu akianza kudai "nataka kwenda kwetu" tunamjibu kuwa hapa ndipo kwake.

Kuna na hili la wageni, nalisema kwa uchungu kidogo. Mtu anatoka mbali, anamshika mama mikono, anamkodolea macho: "Mama, unanijua? Mimi nani?" Anadhani anamfurahisha. Nimemwona mama akitafuta jina usoni mwa mpwa wake, akilikosa, akaanza kupangusa meza isiyo na uchafu. Jioni yote iliharibika. Ukija, jitambulishe: "Shikamoo mama, mimi fulani, mtoto wa dada yako wa Muheza, nimekuja kukuona." Kisha kaa chini mchague mchele pamoja. Mazungumzo yatakuja yenyewe, na yasipokuja si neno.

Hata namna ya kumpa kazi ina lugha yake. "Unataka kuchagua mchele?" ni swali, na swali humtaka afikiri, apime, aamue, mara nyingi jibu ni hapana. "Mama, nisaidie, mchele huu una chuya" huku ungo unamfikia magotini ni jambo jingine kabisa. Hatua moja, neno moja. Nguo vilevile: ukimfungulia kabati anapotea, ukimwonyesha khanga mbili anachagua. Kumwogesha ndiko kulikotushinda sana, kulikuwa na vilio. Mdogo wangu akaanza kumpelekea ndoo na kata wakati wa adhuhuri, adhana ikilia. Udhu mama anaujua, mikono, mdomo, pua, uso, na maji yakishagusa miguu, mwili wote unafuata bila ugomvi. Kuna siku anaswali Adhuhuri mara mbili. Shangazi alitaka tumzuie, tukamuuliza imamu wa mtaani akatujibu kwa upole kwamba aliyepungukiwa akili kalamu imeinuliwa kwake, tumwache na Mola wake.

Magharibi ni saa mbaya. Wagonjwa wengi huhangaika jua likizama, na sisi tunawasha taa mapema kabla vivuli havijaingia, tunazima taarifa ya habari, tunamletea kapu la nguo zilizoanuliwa. Anakunja khanga doti kwa doti. Zikiisha, mjukuu anachukua rundo chumbani, anazikunjua na kuzirudisha. Hapa nakiri sijatulia moyoni. Mwanzoni nguo zilikuwa za kweli na zilihitaji kukunjwa. Siku hizi nyingine ni za kumshughulisha tu. Je, ni kumdanganya? Naona kazi ya kweli ina nguvu kuliko ya kuigiza, na mama kwa namna fulani huhisi tofauti: mchele unaokwenda jikoni humtuliza kuliko khanga zinazorudi. Kwa hiyo tunajitahidi kila siku awe na kitu kimoja walau ambacho kaya inakitegemea kwelikweli. Mchele akishauchagua dada wa kazi anaupitia tena kwa siri, kwa ajili ya meno yetu, lakini ndio unaopikwa.

Wanaume wameachwa nyuma katika hili. Kazi zinazobaki nyumbani ni zile tulizoziita za kike, na mzee wa kiume akipata dimenshia anakaa barazani mikono mitupu toka asubuhi mpaka usiku. Mtaani kwetu yupo mzee aliyekuwa mvuvi. Mwanawe alimletea kipande cha wavu mbovu na uzi, na yule bwana hushona wavu ule kila siku baada ya kahawa, mafundo sawasawa, akinyamaza kwa raha. Seremala angepewa msasa na kibao. Mcheza bao aliyesahau hesabu za mchezo bado anaweza kuzisambaza kete shimo kwa shimo na wenzake wakaona neema kuwa naye, ikiwa ni wenzake kweli.

Haya yote yana gharama, na sitaki mtu asome makala hii akafikiri nasifia familia ya Kiafrika inayojitunza yenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 duniani waliishi na dimenshia, zaidi ya asilimia 60 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba asilimia 70 ya saa za kuwatunza zinatolewa na wanawake. Kwa wastani ndugu na jamaa hutumia saa tano kwa siku. Mdogo wangu aliacha duka lake. Ninayeandika hapa nina mshahara na ninalala usiku. Anayeamka bakuli linapoanguka ni yeye. Kaka zetu wanatuma pesa, na tunawashukuru, lakini tuliwaambia wazi kwamba pesa haimkalishi mtu ungoni. Sasa kila Jumamosi mmoja wao anakuja kukaa na mama kutwa nzima, anachagua mchele vibaya na kurekebishwa na mama.

Kabla ya yote hayo, mpelekeni hospitali. Kusahau kunaweza kutokana na hitilafu ya tezi ya shingoni, upungufu wa vitamini B12, sonona, maambukizi, hata dawa anazokunywa, na baadhi ya hayo yanatibika kabisa. Na mgonjwa aliyekuwa mtulivu akibadilika ghafla kwa siku mbili tatu, msiseme ratiba imeshindwa: huenda mkojo una maambukizi au kuna maumivu asiyoweza kuyaeleza.

Serikali nayo ina njia rahisi iliyo mkononi. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024 unawaingiza watu wa mtaani milangoni mwetu kwa ajili ya uzazi, lishe na maradhi ya kuambukiza. Waongezewe swali moja kuhusu mzee wa nyumba, anasahau kiasi gani na siku yake inakwendaje, na nusu saa ya kuwafundisha walezi. Hilo lina umuhimu wa uhai hasa. Kilifi kwa jirani zetu wa Kenya, na huku kwetu Usukumani, wazee wameuawa kwa kuitwa wachawi, na bibi anayetembea usiku akizungumza na marehemu ndiye wa kwanza kushukiwa. Kuna mahali ambapo mtu wa kumweleza jirani kwamba bibi yule ni mgonjwa angezuia panga.

Mama ameshuka mwaka huu. Mwezi uliopita tuliondoa kukoroga, maana mwiko ulikuwa unabaki umesimama kwenye bakuli naye anautazama. Ungo bado upo, tumepunguza mchele mpaka kibaba kimoja, na mdogo wangu anakaa mkabala naye akichagua wa kwake, ili mikono ya mama ikisahau iwe na pa kutazama. Rojo likiwa tayari anapelekewa kijiko aonje kabla halijamiminwa motoni. Juzi alikunja uso, akakirudisha kijiko, akasema, "Sukari haijatosha." Tulionja. Ilikuwa haijatosha.